Jules Verne, Mwandishi wa Safari za Ajabu

Jules Verne alizaliwa mwaka 1828 mjini Nantes, katika nchi ya Ufaransa. Mji ule una bandari mtoni. Tangu utoto aliona merikebu zikija na kwenda, kama watoto wa Kyavinyonge wanavyoona mitumbwi ya wavuvi ziwani.

Baba yake alikuwa mwanasheria, akataka mwanawe afuate kazi ile ile. Jules alikwenda Paris, akamaliza masomo ya sheria, lakini moyo wake ulipenda kuandika. Miaka mingi aliandika michezo ya kuigiza, wala hakupata sifa kubwa. Hakukata tamaa. Kila mara alikwenda katika nyumba ya vitabu, akasoma habari za nchi, za bahari, za nyota na za mashine, akaandika kando kila jambo la maana.

Mwaka 1863 alitoa kitabu cha wasafiri watatu. Wanapaa kutoka Unguja kwa puto kubwa lililojaa gesi nyepesi kuliko hewa, wanavuka Afrika na kutafuta chemchemi za mto Nile. Mwaka 1865 aliandika habari za watu watatu wanaorushwa kwa mzinga kuelekea mwezini, kutoka Florida, nchi ya Marekani. Ilikuwa hadithi tu. Lakini mwaka 1969 Wamarekani watatu waliondoka Florida kweli, kwa roketi si kwa mzinga, na wawili wao wakakanyaga mwezi. Jules hakuyaona hayo. Alikufa Amiens mwaka 1905.

Hata hivyo, mtu huyu hodari alikosa. Alipoandika kile kitabu cha puto, hakuwa amefika Unguja wala kuonana na watu wa huko, akawasimulia watu weusi kwa dharau. Ziwa letu pia halimo kitabuni. Kumbe maji ya Ziwa Edward huingia mto Semliki, hufika Ziwa Albert, na mwisho huingia Nile. Mtoto anayeteka maji Kyavinyonge asubuhi anajua jambo asilolijua Jules Verne.

Basi, watoto, someni hadithi za namna hii kwa furaha. Lakini kila mara ulizeni: Jambo hili mwandishi alilisoma, ama alilibuni? Na watu hawa, aliwajua? Mungu ametupa akili ya kuwaza mambo mapya, na akili ya kuyapima.