Lucy Lameck: Muuguzi aliyeikataa wodi ya mkoloni, akairudia akiwa waziri mdogo

JINA la Lucy Lameck hutajwa zaidi pale inapozungumzwa historia ya wanawake katika Bunge na Serikali ya Tanzania. Ni nadra kukumbukwa kwamba kabla ya kuwa mwanasiasa, mwanamama huyo alisomea uuguzi. Upande huo wa maisha yake unastahili kusomwa upya, hususan na wauguzi wa Shinyanga na wa ukanda wa dhahabu wa Geita, ambako maamuzi yanayofanywa katika vikao huonekana siku ya pili yake katika foleni ya zahanati.

Marehemu Lucy alizaliwa mwaka 1934 huko Njoro, Moshi, katika familia ya wakulima, wakati Tanganyika ikiwa chini ya utawala wa Waingereza. Kwa msichana wa Kiafrika wa zama hizo aliyebahatika kupata elimu, milango ya kazi ilikuwa michache, na uuguzi ulikuwa miongoni mwa ile iliyoheshimika zaidi. Aliingia katika mafunzo hayo na kuyamaliza. Lakini ulipofika wakati wa kuanza kazi katika mfumo wa mkoloni, alikataa.

Uzito wa uamuzi huo hauonekani mpaka mtu akumbuke hali ilivyokuwa. Huduma za hospitali zilipangwa kwa rangi ya ngozi. Mjini Dar es Salaam, Wazungu walitibiwa Ocean Road na Waafrika walipelekwa Sewa Haji, hadi ilipofunguliwa hospitali ya Princess Margaret mwaka 1956, ambayo leo ni Muhimbili. Mishahara na vyeo vya watumishi navyo vilifuata rangi. Muuguzi wa Kiafrika alitarajiwa kumhudumia mgonjwa kwa moyo wake wote, ila asiulize ni nani aliyeamua kwamba wodi moja iwe na nafasi tele na nyingine ijae pomoni.

Hapo ndipo penye swali gumu la maadili, ambalo hadi leo halijapata jibu jepesi. Je, ni haki kwa muuguzi kuiacha kazi kwa sababu mfumo ni dhalimu, ilhali mgonjwa aliyelala kitandani hana hatia yoyote? Wako wenzake wengi waliobaki wodini katika miaka hiyo, wakaokoa maisha ya watu na kuwafundisha vijana waliokuja kuziendesha hospitali baada ya Uhuru. Haiwezekani kusema kwamba hao walikosea. Lucy alichagua njia nyingine, na thamani ya uchaguzi wake inapimwa kwa yale aliyoyafanya baada ya hapo.

Hakukaa bure. Alijifunza kupiga chapa na hatimkato, akapata kazi katika KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro. Huko aliona jinsi wakulima wadogo wanavyoweza kuwa na sauti mbele ya serikali pindi wanapokuwa na umoja, hesabu sahihi na viongozi waliowachagua wenyewe. Alijiunga na TANU, chama kilichozaliwa Julai 7, 1954, na kuwa mmoja wa wanawake waliokijenga chama hicho katika eneo la kwao. Mwaka 1957 alipata nafasi ya kwenda kusoma Ruskin College, Oxford, chuo kilichoanzishwa kwa ajili ya watu wa tabaka la wafanyakazi, ambako alijifunza uchumi na siasa. Baadaye alisoma pia Marekani, katika Western Michigan University.

Wakati yeye akiwa masomoni ng'ambo, nchi ya Wasukuma ilikuwa ikifukuta. Serikali ya kikoloni ilikuwa imeizuia TANU kufungua matawi huko tangu mwaka 1954, na mwaka 1958 wananchi wa Geita waliandamana hadi Mwanza kuipinga halmashauri ya mseto wa rangi waliyowekewa bila ridhaa yao. Wakulima wale wa pamba na msichana yule wa Kilimanjaro hawakuwa na mawasiliano yoyote, lakini walikuwa wamefikia fikra moja: kwamba huduma njema haiwezi kutoka katika chombo ambacho mhudumiwa hana kauli ndani yake.

Lucy aliingia katika Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1960, mwaka mmoja kabla ya Uhuru. Mwaka 1962 akawa waziri mdogo katika wizara iliyoshughulikia ushirika na maendeleo ya jamii, akiwa miongoni mwa wanawake wa kwanza kabisa nchini kushika madaraka ya ngazi hiyo. Kazi hiyo, aliyoifanya hadi 1965, ilihusu moja kwa moja mikoa ya pamba, kwani muungano wa vyama vya ushirika wa Victoria, uliokuwa na makao yake Mwanza na kuwakusanya wakulima wa Shinyanga na Geita, ulikuwa mmoja wa mihimili mikubwa ya ushirika nchini.

Mwaka 1967, mwaka wa Azimio la Arusha, ndipo muuguzi yule aliporudi katika afya, safari hii akiwa waziri mdogo katika wizara yenye dhamana ya sekta hiyo. Alidumu katika nafasi hiyo hadi mwaka 1972.

Hali aliyoikuta ilikuwa ya kutisha. Hesabu inayotajwa mara nyingi ni kwamba nchi ilipata Uhuru ikiwa na madaktari wazalendo 12 tu. Zaidi ya watu 9 katika kila 10 waliishi vijijini, lakini sehemu kubwa ya vitanda, wataalamu na fedha ilikuwa mijini. Mwaka 1964, tume iliyoongozwa na Profesa Richard Titmuss wa Uingereza ilikuwa imeshauri nguvu zielekezwe katika vituo vya afya vya vijijini na katika kinga kuliko kuongeza hospitali.

Mkoa wa Shinyanga ulikuwa kielelezo cha tatizo hilo. Mwadui, ambako Mkanada John Williamson aligundua almasi mwaka 1940, kampuni ilijijengea mji wenye hospitali yake. Kolandoto palikuwa na hospitali ya misheni. Kati ya sehemu hizo vilikuwamo vijiji vingi ambavyo mgonjwa wake hakuwa mfanyakazi wa mgodi wala hakuwa jirani wa misheni. Huko Geita, mgodi mkubwa wa dhahabu uliofanya kazi tangu miaka ya 1930 ulifungwa mwaka 1966. Madini huisha na wawekezaji huondoka, lakini malaria na uzazi havifungwi pamoja na mgodi.

Mtihani mkubwa zaidi ulikuja mwaka 1971. Katika mwaka huo mmoja zilifunguliwa hospitali mbili kubwa za rufaa: KCMC mjini Moshi, nyumbani kwake Lucy, na Bugando mjini Mwanza, kwa ajili ya mikoa ya Ziwa. Zote mbili zilijengwa kwa juhudi za makanisa na wahisani wa nje. Zilikuwa neema isiyo na ubishi. Lakini jengo likishakamilika huhitaji madaktari, wauguzi, dawa na umeme kila siku ya Mungu, na fedha hizo lazima zitoke mahali fulani. Shilingi iliyokwenda kuendesha wodi ya rufaa haikuweza wakati huohuo kujenga zahanati kijijini.

Mgonjwa wa Geita aliyepewa rufaa ya Bugando alilazimika, kwa zaidi ya miaka 50, kungoja kivuko ziwani, hadi daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa mwaka 2025. Kwa mama mwenye uchungu uliopitiliza usiku wa manane, umbali huo ulikuwa sehemu ya ugonjwa wenyewe.

Serikali na TANU ziliamua, katika miaka hiyohiyo ya mwanzo wa 1970, kuupa kipaumbele ujenzi wa zahanati na vituo vya afya vijijini na mafunzo ya watumishi wa ngazi ya kati. Haitakuwa haki kumpa Lucy Lameck peke yake sifa ya uamuzi huo, uliokuwa wa chama na serikali nzima. Hata hivyo, alikuwa ndani ya wizara wakati mwelekeo huo ukiandaliwa, na alikuwa mmoja wa viongozi wachache waliowahi kufunzwa kumwogesha mgonjwa na kumgeuza kitandani.

Alifariki dunia Machi 21, 1993. Katika mwaka huohuo, hospitali za umma zilianza kuwatoza wagonjwa sehemu ya gharama za matibabu, na hivyo kufunga ukurasa wa huduma ya bure uliofunguliwa na kizazi chake. Mwaka 2021, mtaa mmoja wa Neukölln, mjini Berlin, ambao kwa miongo mingi ulibeba jina la Hermann von Wissmann, gavana wa Kijerumani aliyewahi kuiongoza vita dhidi ya watu wa pwani yetu, ulipewa jina la Lucy Lameck. Muuguzi aliyekataa kumtumikia mkoloni mmoja ameliondoa ukutani jina la mkoloni mwingine.

Kwa wauguzi wa leo, hususan wale wanaoendelea na masomo ya juu, maisha haya yana somo la kazini. Muuguzi wa Nyarugusu anayempokea mchimbaji mdogo mwenye mikono inayotetemeka anaweza kumpa dawa na kumruhusu. Anaweza pia kuuliza ni wangapi wamekuja na dalili hizo, nani huchoma zebaki karibu na jikoni, na taarifa hiyo ipelekwe kwenye kikao gani. Muuguzi wa Shinyanga anayemwona bibi mwenye macho mekundu kwa moshi wa miaka mingi ya kupikia anafahamu kwamba wekundu huo umewahi kuwagharimu vikongwe maisha yao kwa tuhuma za uchawi. Maelezo yake mbele ya mkutano wa kijiji yanaweza kuwa kinga kuliko tone lolote la dawa.

Fedha nazo zina njia zake. Halmashauri hukusanya ushuru wa huduma kutoka kwa makampuni, na tangu mabadiliko ya sheria ya madini ya mwaka 2017, mipango ya migodi ya kusaidia jamii hujadiliwa na kukubaliwa na halmashauri husika. Baraza la madiwani linapokaa kuamua kati ya wodi ya wazazi na mradi mwingine, diwani asiyepewa takwimu za zahanati ataamua kwa kubahatisha. Mwenye takwimu hizo ni muuguzi, kwani ndiye anayezijaza katika rejesta kila siku.

Wapo wanaoamini kwamba mtumishi wa afya anayezungumzia bajeti na sera anaingiza siasa hospitalini. Lucy Lameck aliona mapema kwamba siasa ilikwishaingia humo kabla yake, ikapanga vitanda na kugawa mishahara. Alikwenda kuifuata mahali ilipotoka. Si kila muuguzi atakayekuwa waziri mdogo, wala si lazima. Lakini daftari la zahanati ya Geita likifika mezani kwa madiwani likiwa limejazwa kwa ukweli na kutetewa kwa ujasiri, kazi aliyoianza binti yule wa Njoro itakuwa ingali inaendelea.