Claude Shannon: Mwanafunzi aliyezipa swichi kazi ya kufikiri

Msikilizaji, ndani ya simu uliyoshika mkononi mna swichi ndogo mno zisizoonekana kwa macho. Katika simu za kisasa zinafika mabilioni. Kila swichi ina kazi moja tu: kuwaka au kuzima. Je, kitu cha kuwaka na kuzima kinawezaje kufanya hesabu? Jibu lililo wazi zaidi lilitolewa mwaka 1937 na mwanafunzi wa miaka 21 aitwaye Claude Shannon.

Kijana wa seng'enge

Shannon alizaliwa tarehe 30 Aprili 1916 katika jimbo la Michigan, Marekani, akakulia katika mji mdogo wa Gaylord. Mama yake alikuwa mwalimu wa lugha na mkuu wa shule. Mtoto huyu alipenda kufungua vitu na kuviunda upya. Aliwahi kutengeneza telegrafu ya kuwasiliana na rafiki yake aliyekaa karibu mita 800 kutoka kwao. Waya hakununua, alitumia seng'enge iliyozungushiwa mashamba.

Mwaka 1936 alihitimu Chuo Kikuu cha Michigan kwa shahada mbili, uhandisi wa umeme na hisabati. Hakujua aende wapi. Siku moja aliona tangazo ubaoni: chuo cha MIT kilitafuta msaidizi wa kuhudumia mashine kubwa ya hesabu ya Profesa Vannevar Bush. Akaomba, akapata.

Mageti mawili ya zizi

Mashine hiyo iliongozwa na rilei, yaani swichi zinazofunguliwa na kufungwa kwa nguvu ya umeme. Vituo vya simu vya wakati huo navyo vilizitumia kwa maelfu. Tatizo ni kwamba mafundi walizipanga kwa uzoefu na kwa kujaribu waya huu na ule. Kila rilei ya ziada ilikuwa gharama, na kosa moja lilikuwa gumu kulipata.

Shannon alikumbuka somo alilolipata Michigan kuhusu George Boole, mwanahisabati Mwingereza wa karne ya 19 aliyegeuza kweli na uongo kuwa alama za hesabu. Akaona kwamba swichi ni kitu hichohicho.

Fikiria zizi lenye mageti mawili yanayofuatana. Ng'ombe atatoka endapo geti la kwanza NA la pili yote yako wazi. Sasa fikiria zizi lenye mageti mawili ya pande tofauti. Hapo atatoka likiwa wazi hili AU lile. Umeme nao hupita kwenye swichi namna hiyohiyo. Kwa hiyo, alisema Shannon, mtu anaweza kuandika saketi kama hesabu, akairahisisha kwenye karatasi, ndipo aijenge kwa swichi chache zaidi. Katika tasnifu yake alionyesha hata saketi ya kujumlisha namba kwa kutumia 0 na 1 pekee.

Wengine, akiwemo Akira Nakashima wa Japani, walikuwa wakifuata njia hiyohiyo, lakini kazi ya Shannon ndiyo iliyoenea zaidi kwa wahandisi. Hadi leo, anayesomea ubunifu wa chipu huanza na NA, AU na SIYO.

Biti na mwisho wake

Mwaka 1948, akiwa maabara ya Bell, alionyesha kwamba habari ya aina yoyote inaweza kupimwa kwa biti, jina lililopendekezwa na mwenzake John Tukey. Bando unalonunua leo lina asili hapo: baiti moja ni biti 8.

Hakuacha kuunda vitu. Mwaka 1950 alitengeneza panya bandia aliyejifunza njia ya kutoka kwenye vichochoro. Kumbukumbu yake ilikuwa rilei zilezile.

Uzeeni alipatwa na ugonjwa wa Alzheimer. Wakati intaneti na simu za mkononi zinaenea duniani, mtu aliyeziwekea msingi hakuweza tena kufuatilia yanayotokea. Alifariki tarehe 24 Februari 2001, akiwa na miaka 84.

Kwa hiyo, msikilizaji, ukimwona kijana wako amefungua redio ya nyumbani na kumwaga vyuma vyake mezani, kabla ya kumkaripia, muulize kwanza anatafuta nini.