Mtu Aliyechekesha London Nzima

Somo: 1 Wafalme 19:1-8

Kabla sijaingia kwa huduma nilisomea biashara, na kuna jambo moja mwalimu wetu wa hesabu alitufundisha ambalo sijalisahau. Duka linaweza kujaa wateja kila siku na bado likafungwa mwisho wa mwezi. Wateja wanaonekana na kila mtu. Pesa iliyobaki kwa droo haionekani mpaka uifungue.

Mwaka jana nilishindwa kutumia hiyo hekima kwa ndugu mmoja wa hapa kwetu. Ndiye alikuwa akituchekesha sote baada ya ibada. Alipokosa mazoezi ya timu ya sifa Alhamisi tatu mfululizo, nilimpigia simu kuuliza kama ataleta ufunguo wa stoo. Akacheka, akaleta ufunguo. Wiki mbili baadaye mke wake alinipigia usiku wa manane akilia. Namshukuru Mungu ndugu yetu yuko hai, anapata matibabu, na ameniruhusu niandike haya bila kumtaja jina. Lakini ukweli ni kwamba mimi niliuliza habari ya ufunguo.

Tangu hapo nimekuwa nikifuatilia maisha ya William Cowper. Unaweza kusema humjui, lakini umeshaimba maneno yake. Ule wimbo wa damu ya Imanueli tunaouimba kwenye Meza ya Bwana ni yeye aliyeutunga.

Cowper alizaliwa Uingereza mwaka 1731, mtoto wa mchungaji. Mama yake alifariki akiwa na miaka kama sita tu. Shuleni alionewa vibaya na mvulana mkubwa. Akasomea sheria, na mwaka 1763 jamaa zake wakamtafutia kazi nzuri ya ukarani bungeni. Shida ni kwamba alitakiwa kwanza asimame mbele ya wakubwa ahojiwe. Hofu ikamshika, akakosa usingizi, na mwishowe akajaribu kujitoa uhai zaidi ya mara moja. Jamaa zake wakampeleka mji wa St Albans, kwa daktari aliyeitwa Nathaniel Cotton, aliyekuwa na nyumba ya kutibu wagonjwa wa akili.

Hapo ndipo Cowper alipookoka, akisoma Biblia iliyokuwa mle ndani. Nawaomba mlione hilo vizuri, hasa sisi tunaofikiri kwamba kumpeleka mtu hospitali ni kukosa imani. Wokovu ulimkuta mikononi mwa daktari.

Akatoka amepona. Akaishi na familia ya Unwin, na mwaka 1767 yeye na mama wa nyumba hiyo, Mary Unwin, ambaye sasa alikuwa mjane, wakahamia mji mdogo wa Olney. Mchungaji wa hapo alikuwa John Newton, yule nahodha wa zamani wa meli za watumwa. Wakawa marafiki wa kila siku. Newton akampa kazi ya kutunga nyimbo pamoja naye. Kitabu chao kilitoka mwaka 1779 kikiwa na nyimbo 348, na zaidi ya 60 ni za Cowper.

Lakini kabla kitabu hakijatoka, mwaka 1773, giza lilirudi. Aliota ndoto iliyomfanya aamini kwamba Mungu amemkataa kabisa. Kuanzia hapo hakurudi tena kanisani kuabudu, mpaka kufa kwake. Hebu fikiria, mtu tunayeimba nyimbo zake!

Wengi wetu tungesema amerudi nyuma. Newton hakusema hivyo. Alimpokea nyumbani kwake, na Cowper akakaa pale zaidi ya mwaka mmoja. Ukimkaribisha mgeni kwa wiki mbili unajua inavyochosha. Mchungaji huyu alibeba mgonjwa asiyeweza hata kuomba naye.

Sasa fika mwaka 1782. Kwa nje, Cowper anaonekana sawa. Ana bustani, amefuga sungura, anaandikia marafiki barua za kuchekesha. Jioni moja rafiki yao Lady Austen alimwona amezama kwa huzuni. Hakumhubiria. Alimsimulia kisa cha mfanyabiashara wa nguo aliyechukuliwa mbio na farasi akapitishwa mji aliokuwa anaenda. Cowper alicheka usiku ule, na kisa hicho akakifanya shairi, John Gilpin. Miaka michache baadaye mwigizaji mmoja alilisoma mbele ya watu, na London nzima ikawa inacheka. Cowper mwenyewe aliwahi kumwandikia rafiki kwamba mistari yake ya kuchekesha zaidi aliiandika akiwa na huzuni kubwa zaidi.

Walioyasikia mashairi yake walimwona mcheshi. Waliokaa naye sebuleni walijua hali yake, kwa sababu walimwona wakati hakuna wa kumchekea.

Singependa kuwadanganya. Maisha haya hayaishi kwa ushuhuda wa ushindi tunaoupenda. Mary Unwin alifariki mwaka 1796, na shairi la mwisho la Cowper lilihusu baharia aliyeanguka majini wenzake wasiweze kumwokoa. Alifariki mwaka 1800. Lakini hesabu na mimi. Kutoka ile ndoto hadi kifo chake ni miaka 27. Mtu aliyejaribu kujitoa uhai mara kadhaa alifika miaka 68, akafa kwa ugonjwa, na kwa sehemu kubwa ni kwa sababu kulikuwa na watu waliokataa kumwacha peke yake.

Eliya naye aliomba afe. Mungu hakuanza na kumkemea. Alimpa usingizi, mkate na maji, na malaika akarudi mara ya pili.

Hiyo mara ya pili ndiyo kazi ninayowapa wiki hii. Kuna mtu amebadilika: halali, hali vizuri, amejitenga, anasema yeye ni mzigo tu, ama anachekesha kuliko kawaida lakini hakai. Mwulize hali yake. Akisema yuko sawa, kaa chini, umwulize tena. Ukihofia anawaza kufa, mwulize waziwazi. Kumwuliza hakumpi hilo wazo. Usimwache peke yake, mpeleke hospitali, na utuite wachungaji hata kama ni usiku. Tutaomba tukiwa njiani.

Na ufunguo wa stoo utangoja.

Bwana atupe macho ya kuona. Amina.