Marehemu Ahmad bin Naaman: Kutoka Biashara Hadi Ujumbe

Huku Tarbaj, mbali na bahari, namkumbuka Ahmad bin Naaman, mzaliwa wa Basra, karani wa Seyyid Said na mzoefu wa biashara za ng'ambo. Akiwa mtu mzima wa miaka hamsini na kitu, aliabiri merikebu Sultanah kutoka Unguja na pembe za ndovu, karafuu na ngozi, akatia nanga New York Aprili 30, 1840. Katiba ilimkataza Rais Van Buren kujipokelea zawadi. Farasi wakanadiwa, fedha zikaingia hazina. Serikali nayo ikaikarabati Sultanah kwa gharama yake. Ahmad akarejea Disemba na shehena ya merikani. Nionavyo, heshima ya dola ilibebwa na uaminifu wa mfanyabiashara. Alifariki 1869. Mungu amrehemu.