LOTTE REINIGER: MAMA WA MKASI ALIYEMTANGULIA DISNEY KWA MIAKA 11

Leo naomba tuweke siasa pembeni kidogo, nataka kuwaletea habari za mwanamama mmoja wa Kijerumani ambaye huku kwetu hatajwi kabisa. Ukimsimamisha mtu yeyote mtaani ukamuuliza nani alitengeneza filamu ndefu ya katuni ya kwanza duniani, atakwambia Walt Disney na Snow White yake. Sasa Snow White ilitoka Desemba 1937. Filamu ya huyu mama, inayoitwa Die Abenteuer des Prinzen Achmed, yaani visa vya Mwana wa Mfalme Ahmed, ilionyeshwa Berlin mwaka 1926. Hesabu mwenyewe.

(Kabla sijarushiwa mawe kwenye maoni: najua kuna bwana mmoja wa Argentina, Quirino Cristiani, aliyetoa ya kwake 1917. Lakini hiyo imepotea, hakuna nakala hata moja. Kwa hiyo filamu ndefu ya katuni ya zamani kuliko zote ambazo bado zipo ni hii ya Lotte.)

Lotte Reiniger alizaliwa tarehe 2 Juni 1899 pale Charlottenburg, Berlin. Tangu mdogo mkono wake ulikuwa na mkasi. Wenzake wakichora, yeye anakata karatasi nyeusi inatoka mtu, farasi, mti, mpaka majani yake. Akajitengenezea jukwaa la vivuli nyumbani na kuwaonyesha ndugu na marafiki michezo ya Shakespeare. Sisi wengine umeme ukikatika tulikuwa tunaweka mikono mbele ya kibatari, ukutani anatokea sungura au mbwa, tunacheka, basi imeishia hapo. Yeye haikuishia hapo.

Mwaka 1915 akaenda kusikiliza mhadhara wa Paul Wegener, mwigizaji na mwongozaji mkubwa wa enzi hizo, akizungumzia mambo ambayo kamera inaweza kufanya na jukwaa haliwezi. Binti akachanganyikiwa! Akawasumbua wazazi mpaka wakamwandikisha kwenye shule ya uigizaji ya Max Reinhardt, kwa sababu Wegener alikuwa anapatikana huko. Ili wakubwa wamtambue akawa anakaa nyuma ya jukwaa anakata sura za waigizaji kwenye karatasi. Nani hapendi kuona sura yake imekatwa vizuri? Wegener akamwona, akampa kazi ya kukata picha za kupamba maandishi ya filamu yake ya 1916 (zilikuwa filamu bubu, maneno yanaandikwa). Mwaka 1918 walikuwa wanatengeneza hadithi ya mpiga filimbi wa Hamelin anayeondoa panya mjini. Panya wa kweli hawakukubali kuongozwa. Ikabidi wachongwe panya wa mbao, na Lotte akawa miongoni mwa waliokuwa wakiwasogeza kidogo kidogo huku kamera ikipiga picha moja moja. Huo ndio ulikuwa mlango wake wa kuingilia.

1919 akatoa filamu yake ya kwanza fupi kwenye taasisi moja ya Berlin, na hapo hapo akakutana na Carl Koch. Wakaoana 1921. Koch ndiye aliyekuwa mtu wa kamera na mipango, mama ndiye mkasi. Walikula kwa kutengeneza matangazo ya biashara, likiwemo la Nivea.

Sasa hebu niwaeleze alivyokuwa anafanya, maana mi hapa ndipo ninapovua kofia. Kila mhusika alikatwa vipande vipande: kichwa peke yake, shingo, mkono wa juu, wa chini, kiganja. Alitumia karatasi ngumu nyeusi na bati jembamba la risasi ili kitu kilale vizuri kisipeperuke. Vipande vinaungwa kwa waya mwembamba kwenye viungo. Halafu mhusika analazwa juu ya meza ya kioo, taa inawaka chini, kamera imefungwa juu inaangalia chini. Unasogeza mkono kidogo sana, unapiga picha. Unasogeza tena, unapiga. Dakika moja tu ya filamu inataka picha zaidi ya elfu moja. Na akiwa anataka mandhari yaonekane ya mbali na ya karibu, aliweka vioo zaidi ya kimoja, kimoja juu ya kingine. Kampuni ya Disney nayo ilikuja kutengeneza mtambo wake mkubwa wa kupanga picha kwa tabaka na kuanza kuutumia 1937. Mama alikuwa ameshafanya kwa meza tu.

Hiyo filamu ndefu ilipatikanaje? Ni kwa sababu ya mfumuko wa bei! Mwaka 1923 pesa ya Ujerumani iliharibika kabisa, ikafika Novemba dola moja inauzwa mark trilioni 4.2. Mwenye benki mmoja, Louis Hagen, aliona pesa inayeyuka mkononi akainunulia shehena ya mikanda ya filamu ambayo haijatumika. Baadaye akajiuliza aifanyie nini. Akamwita Lotte, akampa nafasi juu ya gereji karibu na nyumba yake Potsdam, akamwambia atengeneze filamu ndefu. Wakati huo katuni zilikuwa za dakika chache za kuchekesha watu, na wenye sinema hawakuamini mtu atakaa zaidi ya saa nzima anaangalia vivuli. Lotte alikuwa na miaka 24. Wakajifungia miaka mitatu, yeye na mumewe na wasaidizi wachache: Walter Ruttmann akatengeneza mambo ya moto na uchawi, Berthold Bartosch akatengeneza mawimbi ya bahari. Hakuna studio kubwa wala bosi wa kuwaambia kata hapa ongeza pale.

Ilipokamilika, wenye majumba ya sinema hawakuwa na haraka nayo. Ikaonyeshwa kwanza kwenye ukumbi wa michezo wa Volksbühne, tarehe 2 Mei 1926. Mwezi Julai ikaenda Paris, huko Jean Renoir akaipenda sana na akawa rafiki yao wa maisha.

Hadithi yenyewe imetoka Alfu Lela Ulela, ile ile tunayoijua. Kuna farasi anayeruka angani, kuna Aladdin na taa yake, kuna Peri Banu wa visiwa vya Wak-Wak. Na hapa watu wa pwani mkae vizuri: Al-Masudi, msafiri wa karne ya 10, aliitaja Waqwaq pamoja na Sofala kama mwisho wa nchi ya Zanj. Yaani hayo mambo ya ajabu yalikuwa yanasemwa kuhusu huku kwetu!

Lakini siwezi kusifia tu. Mtu mbaya wa filamu hii anaitwa mchawi wa Kiafrika, ndivyo maandishi yanavyomtambulisha, na amekatwa kwa umbo la kutisha, vidole kama makucha. Mtu atasema hata kwenye kisa cha Aladdin mchawi anatoka Maghrib, kwa hiyo Lotte hakubuni. Sawa. Ila mkasi ulikuwa wake, na sura ile aliichagua yeye. Miaka miwili baadaye alitengeneza Doctor Dolittle, daktari Mzungu anayesafiri kuja Afrika kutibu nyani. Mimi naona mtu anaweza kuwa fundi asiye na mfano na bado akawa ameziona nchi za watu kupitia vitabu vya kwao tu. Nyie mnaonaje?

Hitler alipoingia madarakani 1933, Lotte na Koch, ambao walikuwa watu wa mrengo wa kushoto na wenye marafiki wengi Wayahudi, waliamua kuondoka. Shida ikawa hakuna nchi iliyowapa ukaazi wa kudumu. Basi miaka ikapita wakihama kwa kufuata viza: Uingereza, Ufaransa, Italia, viza ikiisha wanafungasha. Na humo humo kazi zinatoka! Papageno, ya 1935, aliyoifuatisha na muziki wa Mozart, ni ya kipindi hicho. Mwaka 1938 Renoir alimpa sehemu ya mchezo wa vivuli ndani ya filamu yake La Marseillaise. Vita ilipokuwa inakaribia mwisho wakarudi Berlin kumuuguza mama yake Lotte. Akarudi kwenye nchi aliyoikimbia, chini ya utawala alioukimbia, kwa ajili ya mzazi.

1949 wakahamia London. Huko mtoto wa yule mwenye benki, naye anaitwa Louis Hagen, akaanzisha naye kampuni ya Primrose mwaka 1953, wakatoa mfululizo wa hadithi fupi za watoto kwa ajili ya televisheni. Moja wapo, ya fundi cherehani jasiri, ilipata tuzo Venice 1955. Watoto wengi wa Uingereza wamekua na vivuli vyake bila kujua jina lake.

Koch akafariki 1963. Lotte aliacha kutengeneza filamu kwa miaka mingi. Ni uzeeni ndipo Ujerumani ilipomkumbuka, ikampa tuzo ya filamu 1972. Wakanada wakamwita, na akiwa na miaka 76 akatoa Aucassin et Nicolette, mkasi mkononi kama zamani. Alifariki tarehe 19 Juni 1981 kijijini Dettenhausen, akiwa ameacha filamu zaidi ya 40.

Ule mkanda halisi wa Prinz Achmed uliteketea Berlin kwenye mapigano ya 1945. Iliyotuokoa ni nakala ya rangi iliyokuwa imehifadhiwa London, ndiyo waliyoitumia Wajerumani kuifufua filamu mwaka 1999. Vibonzo vyake vingi alivyovikata mwenyewe, pamoja na vifaa vyake, viko kwenye jumba la makumbusho la mji wa Tübingen. Kama kuna mdau yuko maeneo ya huko Ujerumani kusini, tafadhali apitie atuambie hivyo vidole vya yule mchawi vina ukubwa gani. Mi nataka kujua alivikataje.