Edwin Budding: Fundi wa viwanda vya nguo aliyevumbua mashine ya kukata nyasi

Hadi kufikia mwaka 1830, mwenye uwanja wa nyasi nchini Uingereza alikuwa na njia mbili za kuufanya uwe mfupi: kuachia kondoo wale, au kuajiri watu wenye mundu mkubwa wa mpini mrefu. Wakataji hao walianza kazi alfajiri, kwa sababu jani lenye umande hukatika vizuri zaidi. Ilikuwa kazi ya ustadi, na mundu ulinolewa mara kwa mara. Ndiyo maana uwanja wa nyasi fupi, zilizo sawasawa, ulikuwa mali ya matajiri.

Aliyebadili hali hiyo ni Edwin Beard Budding, fundi mitambo wa eneo la Stroud, magharibi mwa Uingereza. Alizaliwa mwishoni mwa karne ya 18.

Stroud ilisifika kwa vitambaa vya sufu. Viwandani mle kulikuwa na mashine yenye visu vilivyozungushwa kwenye rola, iliyonyoa manyoya yaliyochomoza juu ya kitambaa ili kiwe laini. Budding aliiangalia akajiuliza: kama visu hivi vinanyoa kitambaa, kwa nini visinyoe nyasi?

Alishirikiana na John Ferrabee, mwenye kiwanda cha kusubu chuma huko Thrupp, karibu na Stroud. Inasimuliwa kwamba Budding aliijaribu mashine yake usiku, ili watu wasimwone. Tarehe 31 Agosti 1830 alipewa hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi.

Mashine ya kwanza ilikata upana wa sentimita 48 hivi. Mtu aliisukuma kwa nyuma. Rola ilipozunguka ardhini, gia ziliviendesha visu kwa kasi zaidi. Nyasi zilirushwa kwenye trei iliyokuwa mbele, na urefu wa kukata uliweza kurekebishwa. Lakini ilikuwa nzito, hata ikawekewa mpini wa mbele ili mtu wa pili asaidie kuvuta.

Bustani ya wanyama ya Regent's Park, London, ilikuwa miongoni mwa wanunuzi wa kwanza. Mwaka 1832 kampuni ya Ransomes ya Ipswich ilipata kibali cha kuitengeneza. Ustadi wa mundu ukaanza kupoteza thamani, maana sasa hata asiyejua kuushika aliweza kukata nyasi. Kwa upande mwingine, miaka ilivyopita, wenye nyumba za kawaida nao wakapata uwanja nadhifu.

Budding hakuishia hapo. Anahesabiwa miongoni mwa watu wa mwanzo kubuni spana ya kurekebisha, ile ambayo mafundi wa gereji huiita spana malaya. Baadaye alihamia Dursley, akafanya kazi na George Lister kwenye mitambo ya kuchambua sufu. Mwana wa Lister, Robert Ashton, ndiye aliyeanzisha mwaka 1867 kampuni ya Lister, ambayo injini zake za dizeli zimesaga mahindi kwenye vinu vingi vya Afrika Mashariki.

Budding alifariki Dursley mwaka 1846, akiwa na umri wa takriban miaka 50.

Anayenunua mashine ya kusukuma leo bado anapima mambo yaleyale. Visu vya rola kama vya Budding hukata kama mkasi: vinafaa uwanja ulio sawa, wenye nyasi fupi zinazokatwa mara kwa mara. Kwa nyasi ndefu au ardhi yenye mabonde, afadhali mashine ya kisu kimoja kinachozunguka kama feni. Jaribu uzito wake kabla ya kulipa, hakikisha urefu wa kukata unarekebishika, na uliza kama vipuri vinapatikana karibu. Ondoa mawe kabla ya kukata, na usiguse kisu kabla ya kuzima injini.