Marehemu Farrokh Bulsara na Masomo ya Piano

Katika ukurasa huu wa watu mashuhuri nimemchagua mtoto wa hapa hapa Mji Mkongwe, marehemu Farrokh Bulsara, ambaye dunia ilimjua kwa jina la Freddie Mercury. Maisha yake yalikuwa na mambo mengi, na juu ya mengine watu wetu hawaafikiani. Mimi nitaeleza jambo moja tu: namna alivyofundishwa kupiga piano.

Farrokh alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba, 1946. Wazazi wake walikuwa Waparsi wenye asili ya Gujarat, India. Baba yake, Bomi, alikuwa keshia wa Mahakama Kuu katika serikali ya kikoloni. Mwaka 1954 mtoto alipelekwa India, shule ya bweni ya St. Peter's, Panchgani. Huko mwalimu mkuu alitambua kuwa ana sikio la muziki. Akawaandikia wazazi barua: wakiongeza ada kidogo, mtoto atafundishwa piano. Wakakubali. Nami ni mtumishi wa serikali, kwa hiyo naelewa uzito wa kuongeza ada juu ya ada kutoka katika mshahara mmoja.

Anayeanza piano hapewi wimbo siku ya kwanza. Hufundishwa kukaa sawasawa, kisha vidole hupewa namba, 1 hadi 5, kuanzia dole gumba. Hupanda na kushuka ngazi ya sauti kwa mkono mmoja, halafu mwingine, halafu yote miwili. Kazi kubwa ni kuufanya mkono wa kushoto ufuate njia yake bila ya kuiga wa kulia. Pamoja na hayo ipo kazi ya kusoma nota. Inasimuliwa kuwa Farrokh aliweza kuusikia wimbo redioni mara moja na kuupiga. Mtoto wa aina hiyo huona nota ni mzigo tu. Hata hivyo aliendelea na mitihani mpaka daraja la nne, vitendo na nadharia.

Vijana, zingatieni: madaraja hayo ni manane. Yeye aliishia katikati, lakini msingi ulikuwa umekwisha kujengwa. Mwaka 1958 yeye na wenzake wanne waliunda bendi ya shule, The Hectics, naye akipiga piano.

Baadaye alirejea Unguja, na mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, familia ilihamia Feltham, Uingereza. Alisomea sanaa ya michoro Ealing, akamaliza mwaka 1969. Mwaka uliofuata likaundwa kundi la Queen. Wimbo wao wa mwaka 1975, Bohemian Rhapsody, aliutunga kwenye piano. Tarehe 13 Julai, 1985, uwanjani Wembley, mbele ya watu zaidi ya 70,000, alianza kwa kukaa kwenye piano. Alifariki London tarehe 24 Novemba, 1991, akiwa na umri wa miaka 45, kwa maradhi yatokanayo na UKIMWI. Mwaka 2023 piano yake iliuzwa mnadani kwa zaidi ya pauni milioni 1.7.

Fedha hizo zisitutie tamaa. Ninachokithamini mimi ni ile barua ya mwalimu mkuu. Isingeandikwa, kipaji kile huenda kingebaki mluzi wa njiani.

Mjini petu, tangu mwaka 2002, kuna Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, na taarabu yetu haijapata kukosa wenye masikio. Lakini watoto wengi humaliza skuli bila ya kugusa kinanda. Basi, wenzangu, tunapochangia madawati na rangi ya kuta, tufikirie pia kinanda kimoja na posho ya mwalimu wake. Nanyi walimu, mkimwona mtoto anayegonga meza kwa mdundo uliotimia, kabla ya kumkanya, waandikieni wazazi wake.